Mlango Mpya Usifunguliwe Kabla Mlinzi Hajafika
Maelezo kuhusu ulinzi ndani ya kiini cha kompyuta na simu



Majengo mengi ya hapa Kibagabaga yana ukuta, lango na mlinzi, ambaye sisi wa Kigali tumezoea kumwita zamu. Tuseme kuna ghala lenye lango moja linalotazama barabara. Mlinzi hukaa hapo na daftari lake. Kila aingiaye huulizwa jina na anakokwenda, kila gari litokalo hukaguliwa mzigo, na yote huandikwa. Siku moja wenye ghala wanaona kwamba malori yanapoteza muda mwingi katika foleni ya langoni, basi wanabomoa sehemu ya ukuta wa nyuma na kuweka mlango mpana wa kupakilia. Kazi inakwenda mbio na kila mtu anafurahi. Lakini hakuna aliyekumbuka kumweka mlinzi pale nyuma, wala kupeleka daftari la pili. Baada ya miezi miwili bidhaa zinaonekana pungufu. Anaitwa nani ofisini? Anaitwa mlinzi wa lango la mbele, na daftari lake lisilo na kosa lolote linageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake: "Mbona hukuandika?"

Tumeanza na mfano huu kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza katika ukurasa huu, ingawa linahusu kompyuta na simu, ni lile lile. Kila mwaka wajenzi wa mitambo hii huongeza milango mipya ndani yake ili kazi iende haraka zaidi. Swali ni hili: je, walinzi waliokuwapo wameambiwa? Na kama hawakuambiwa, hasara inamwangukia nani? Maswali haya si ya mafundi peke yao. Karani anayepokea wagonjwa, mhasibu, mwalimu, na dereva wa pikipiki anayelipwa kwa simu, wote hufanya kazi juu ya mitambo hiyo, na siku siri zikivuja wao ndio wa kwanza kuulizwa.

KIINI NI KITU GANI?

Kila kompyuta, na kila simu ya kisasa, ina programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Programu hiyo huitwa mfumo wa uendeshaji. Ndani yake mna sehemu ya katikati kabisa, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kugusa mitambo yenyewe: kumbukumbu, diski, kamera na mtandao. Sehemu hiyo ndiyo kiini, na mafundi huiita keneli.

Programu ya kawaida haina mamlaka hayo. Karani anapofungua faili la mgonjwa, programu anayoitumia haiendi yenyewe kwenye diski kulichukua. Hupeleka ombi kwa kiini: "Naomba faili hili nilisome." Kiini hutazama ni nani anayeomba, anaomba nini na ana ruhusa gani, kisha hukubali au hukataa. Maombi ya namna hii hupelekwa maelfu kwa maelfu katika kila sekunde, na mtumiaji haoni lolote. Kwa hiyo kiini ni ghala na ni lango kwa wakati mmoja. Mtu akiweza kukidanganya kiini, hakuna kufuli nyingine itakayomzuia, maana kufuli zote nyingine zinakitegemea kiini hicho hicho.

Kiini kimoja kinachotumika sana duniani ni Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, na tangu hapo kimeandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Seva nyingi za intaneti hukitumia, na simu za Android hukitumia vile vile. Rais Paul Kagame alipozindua kiwanda cha simu za Mara hapa Kigali tarehe 7 Oktoba 2019, simu zilizotolewa, yaani Mara X na Mara Z, zilikuwa za Android. Maana yake ndani yake mlikuwa na kiini cha Linux. Basi mtu wa Kibagabaga asidhani kwamba tunazungumza habari za Ulaya na Marekani tu. Akiwa na simu ya Android, kiini hicho kimo mfukoni mwake.

WALINZI WALIOMO NDANI

Tangu mwanzo ulinzi mkuu wa Linux ulikuwa wa namna rahisi: kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua nani asome na nani aandike. Ulinzi huo wafaa, lakini hautoshi. Mwenye faili akidanganywa, au programu yake ikitekwa na mdukuzi, faili limekwenda.

Mwaka 2001 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilipeleka kwa wajenzi wa Linux mlinzi mkali zaidi, aitwaye SELinux. Torvalds hakutaka kumchagua mlinzi mmoja na kuwalazimisha watu wote wamtumie. Alitaka vijengwe vituo vya ukaguzi ndani ya kiini, kisha kila mwenye mtambo achague mlinzi wa kukaa vituoni. Vituo hivyo, vijulikanavyo kwa herufi LSM, viliingia katika toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Ombi zito linapofika kituoni, kiini husimama na kumwuliza mlinzi: "Huyu apite?" Mlinzi anaweza kuwa SELinux, anayetumika katika Android, au AppArmor, anayetumika katika Ubuntu, au mwingine.

Mlinzi wa pili ni seccomp. Yeye alianza mwaka 2005 na akaongezewa uwezo mwaka 2012. Kazi yake ni kushika orodha ya maombi ambayo programu fulani inaruhusiwa kuyaleta langoni. Programu ya kuonyesha picha, kwa mfano, haina sababu ya kuomba kuunganishwa na kompyuta ya mbali. Ombi kama hilo likija, na halimo katika orodha, seccomp hulikataa pale pale. Wa tatu ni daftari la ukaguzi, ambalo huandika nani aliomba nini na saa ngapi, ili siku ya mashaka ukweli upatikane.

Kanuni za kazi ya walinzi hawa ni za zamani. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walizieleza kanuni nane za kulinda habari zilizomo katika kompyuta. Moja yasema kwamba kila mara kitu kinapoguswa, ruhusa ikaguliwe, bila kubakiza njia hata moja. Nyingine yasema kwamba pale ambapo hakuna aliyetoa ruhusa, jibu liwe hapana. Hakuna aliyezikanusha kanuni hizo tangu wakati huo. Taabu ni kwamba ni rahisi kuzisahau wakati jengo linapopanuliwa.

MLANGO ULIOFUNGULIWA MWAKA 2019

Tarehe 5 Mei 2019 lilitoka toleo la 5.1 la Linux, na ndani yake mlikuwa na kitu kipya kiitwacho io_uring. Mjenzi wake alikuwa Jens Axboe, fundi stadi aliyekuwa akifanya kazi Facebook. Nia ilikuwa njema na haja ilikuwa ya kweli. Diski za siku hizi zimekuwa za kasi sana, na ule utaratibu wa programu kwenda langoni na ombi moja moja, kusubiri jibu na kurudi, ulikuwa ukipoteza muda mwingi.

io_uring ilipunguza safari hizo. Programu na kiini hushirikiana sehemu moja ya kumbukumbu, ambamo mna mikanda miwili inayozunguka. Katika mkanda wa kwanza programu huweka maombi yake, kumi au mia kwa mara moja. Kiini huyachukua, huyashughulikia, na kuweka majibu katika mkanda wa pili. Ni kama mkanda wa kiwandani: mzigo unaingia bila mchukuzi kusimama langoni kila mara. Mwanzoni mkanda ulibeba kazi chache, hasa kusoma na kuandika. Lakini kitu kizuri hakikosi wateja. Kufikia toleo la 5.6, Machi 2020, mkanda ule ule uliweza pia kufungua mafaili na kuunganisha mtandao. Mlango mdogo wa kupakilia ulikuwa umekuwa lango kubwa.

Sasa tutazame yaliyowapata walinzi.

Kwanza, seccomp hakuona kitu. Yeye huketi langoni na kutazama maombi yanayoletwa hapo, lakini maombi yaliyomo mkandani hayafiki mbele yake moja moja. Programu iliyokatazwa kuunganisha mtandao kupitia langoni, kisha ikaruhusiwa kuutumia mkanda, iliweza kuliweka ombi lile lile mkandani nalo likapita. Mlinzi hakulala kazini. Mzigo haukupita kwake.

Pili, lilizuka swali la kazi inafanywa kwa jina la nani. Baadhi ya maombi ya mkandani yalifanywa na vibarua wa ndani ya kiini, na vibarua hao wana mamlaka ya mkuu wa mtambo. Ilionekana kwamba ombi la mtumiaji mdogo lingeweza kutekelezwa kwa mamlaka hayo makubwa badala ya mamlaka yake mwenyewe. Ni kama mgeni kumpa mtoto wa mwenye nyumba barua aipeleke ndani, na kila mlango ukafunguliwa kwa heshima ya mtoto. Kosa hilo liligunduliwa na Jann Horn, mtafiti wa Google, na likasahihishwa katika toleo la 5.4.2, Desemba 2019.

Tatu, daftari. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, kazi zilizopita mkandani hazikuandikwa katika daftari la ukaguzi kama zilivyoandikwa zile za langoni. Ilikuwa Januari 2022, katika toleo la 5.16, ndipo yalipoingia marekebisho ya Paul Moore, msimamizi wa vituo vya LSM na wa daftari lenyewe. Marekebisho hayo yaliweka uandikishaji wa kazi za io_uring, pamoja na vituo vya kumzuia mtu asitumie mamlaka ya mwingine kupitia mkanda.

Nne, somo halikukaa sana. Julai 2022, miezi sita tu baadaye, toleo la 5.19 liliongeza njia ya kupeleka amri moja kwa moja kwenye vifaa, kama vile diski, kupitia mkanda ule ule. Njia hiyo ilitoka bila kituo cha ukaguzi. Kituo kiliwekwa baadaye, katika toleo la 6.0 la Oktoba mwaka ule.

Yapo hata hivyo mambo mema ya kusemwa, na haki yataka yasemwe. Vituo vingi vya LSM viliendelea kufanya kazi muda wote huo. Mkanda ulipokwenda kufungua faili ulipitia chumba kile kile cha zamani, na mle chumbani kituo kilikuwapo. Hapa pana fundisho kubwa. Mlinzi aliyewekwa langoni tu alipitwa mara moja lango la pili lilipofunguliwa. Mlinzi aliyewekwa karibu na hazina yenyewe hakupitwa kirahisi, kwa sababu njia zote, mpya na za zamani, mwishowe huishia kwenye hazina.

HASARA ILIYOHESABIWA

Kampuni ya Google ina mpango wa kuwalipa watu wanaogundua namna ya kukivunja kiini cha Linux na kuieleza, ili kirekebishwe kabla wezi hawajafika. Juni 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba asilimia 60 ya taarifa ilizopelekewa katika mpango huo zilitumia kasoro za io_uring, na kwamba kwa kasoro za io_uring peke yake ilikuwa imelipa dola za Marekani zipatazo milioni 1. Baada ya hesabu hiyo iliifunga io_uring katika ChromeOS na katika seva zake za kazi. Katika Android ilihakikisha kwamba programu za kawaida haziwezi kuifikia, na ilimtumia seccomp kwa kazi hiyo. Mlinzi yule aliyekuwa akipitwa alipewa sasa amri ya kuuzuia mkanda mzima usianze.

Tusikosee hapa. Nyingi katika kasoro hizo hazikutokana na kukosa mlinzi. Zilikuwa makosa ya matumizi ya kumbukumbu, ambayo huweza kutokea katika kazi yoyote kubwa na mpya. Lakini kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa kila programu, hata ile isiyokuwa na haja nao, kila kosa dogo la ndani lilikuwa karibu na mkono wa kila mwizi. Chumba chenye ukuta mbovu kikifungwa, hasara yake ni ndogo. Kikiachwa wazi kwa wapita njia, ubovu ule ule huangusha nyumba.

Swichi ya kuifungia io_uring katika mtambo mzima iliingia katika toleo la 6.6, Oktoba 2023. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: mlango ulifunguliwa Mei 2019, na swichi ya kuufungia ikaja baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Hata baada ya hapo mambo hayakwisha. Aprili 2025 watafiti wa kampuni ya ARMO walionyesha programu waliyoitengeneza kwa majaribio, ambayo iliendesha shughuli zake kupitia io_uring, na programu kadhaa za ulinzi zinazotegemea kutazama maombi ya langoni hazikuiona.

KWA NINI HUTOKEA HIVI?

Itakuwa si haki kumtafuta mzembe mmoja. Mtu anayeongeza kasi hupimwa kwa tarakimu: jana kazi ilichukua dakika kumi, leo inachukua dakika sita, na kila mtu anaona. Kazi ya mlinzi haina tarakimu kama hizo. Mlinzi akifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakihesabiwi. Zaidi ya hayo, katika kazi kubwa kama Linux wajenzi wamegawanyika katika vikundi. Wanaojenga njia ya diski si wale wanaotunza vituo vya ukaguzi. Pasipokuwa na desturi ya kuulizana mapema, kikundi cha ulinzi husikia habari za mlango mpya baada ya saruji kukauka.

io_uring si mfano wa pekee. Februari 2013, toleo la 3.8 liliwezesha mtumiaji wa kawaida kujitengenezea chumba chake ndani ya mtambo, ambamo yeye huhesabiwa kuwa mkuu. Ni jambo lenye manufaa, na programu nyingi hulitumia kujitenga ili zikivamiwa zisiharibu nyingine. Lakini mtumiaji akiwa mkuu chumbani mwake huweza kugusa sehemu za kiini ambazo zamani ziliguswa na mkuu wa kweli peke yake, na kasoro zilizolala humo zikaamka. Kituo cha LSM cha kuuliza "huyu aruhusiwe kujenga chumba?" kiliingia toleo la 6.1, Desemba 2022, baada ya mabishano makali kati ya wajenzi wenyewe. Ubuntu, katika toleo lake la 24.04 la Aprili 2024, iliamua kwamba programu isiyo na ruhusa maalum isipewe mamlaka hayo chumbani.

Na mlinzi mwenyewe naye apimwe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, ilisambaza marekebisho yenye kasoro kwa programu yake inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Mashine zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na viwanja vya ndege, benki na hospitali za nchi mbalimbali zikasimama. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kitu kiitwacho ulinzi kiingizwe bila kuulizwa. Twasema kwamba chochote kiingiacho ndani ya kiini, kiwe cha kasi au cha ulinzi, kijibu maswali kwanza.

MASWALI SITA YA KUULIZWA KABLA

Tukiyakusanya mafundisho hayo, twapata maswali sita ambayo yeyote anayetaka kuongeza jambo jipya katika kiini yampasa kuyajibu kabla kazi yake haijapokelewa.

1. Mlango huu unafika wapi? Aandike kila kitu kinachofikiwa kupitia njia mpya: mafaili, mtandao, vifaa, kumbukumbu. Kwa kila kimoja aonyeshe ni mlinzi gani aliyekuwa akikilinda katika njia ya zamani, na kwamba njia mpya inapita kwa mlinzi huyo huyo. Inapowezekana, ukaguzi uwe karibu na hazina, usiwe langoni tu.

2. Kazi itafanywa kwa jina la nani? Kibarua wa ndani akimfanyia mtu kazi, achukue mamlaka ya yule aliyemtuma, asitumie yake.

3. Je, karatasi iliyokaguliwa ndiyo itakayotumika? Programu na kiini wanaposhirikiana kumbukumbu moja, programu yaweza kuonyesha ombi jema, na likishakaguliwa ikalibadilisha haraka kabla halijatekelezwa. Dawa yake ni kiini kujinakilia ombi kwanza, kisha kuikagua na kuitumia nakala yake.

4. Daftari litaandika nini? Kazi iliyoandikwa ilipopita lango la mbele iandikwe pia ikipita nyuma. Bila hivyo asiye na hatia hana cha kumtetea.

5. Ni nani mwenye ufunguo wa kuufunga? Swichi ije siku moja na mlango, isije miaka minne baadaye. Na ikiwa hakuna aliyeigusa swichi, je, mlango uko wazi kwa wote, au kwa wenye haja peke yao?

6. Walinzi waliulizwa lini? Wakiulizwa wakati mchoro ungali karatasini, kuhamisha kituo ni kazi ya kufuta mstari. Wakiulizwa baada ya programu nyingi kuuzoea mlango, kila kufuli mpya itavunja kazi ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba maswali haya hayana gharama. Kila ukaguzi hula muda kidogo, na katika kazi inayofanyika mara milioni kadhaa kwa sekunde, kidogo hicho huonekana. Mjenzi ana haki ya kusema kwamba kituo fulani ni kizito mno. Lakini jambo hilo lisemwe wazi na likubaliwe na wote wanaohusika, kama mapatano yoyote ya kazi. Lisiamuliwe na mtu mmoja kwa kunyamaza.

YANATUHUSU VIPI SISI WA KIBAGABAGA?

Hapa mtaani pana hospitali, zahanati, maduka, shule na ofisi, na kote huko kazi za vitabu zimehamia katika mashine. Hatuandiki kiini cha Linux, lakini kila siku tunaletewa milango mipya: programu mpya ya malipo, njia ya mkubwa kusoma kumbukumbu akiwa nyumbani, chombo kinachopeleka hesabu makao makuu usiku. Maswali sita tuliyoyataja yanaulizika hapo vile vile, na hayahitaji shahada.

Sheria nayo imesimama upande wa anayeuliza. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda habari za watu binafsi hapa Rwanda, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Habari hizo zikivuja, yule anayezisimamia anatakiwa kuitaarifu Mamlaka ndani ya saa 48 tangu alipojua. Saa 48 ni chache kwa mahali ambapo daftari halikuandikwa. Katika haraka hiyo ndipo karani wa zamu hutajwa kwanza, kwa sababu jina lake ndilo pekee lililomo katika kitabu.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo matatu. Kwanza, mwenye simu asiyapuuze marekebisho ya usalama yanapoletwa, maana ndiyo hasa yanayoleta vituo vilivyosahauliwa. Simu ambayo haipokei tena marekebisho isitumiwe kwa fedha wala kwa kazi za ofisi ikiwezekana. Pili, mafundi wanaotunza seva za Linux wajue toleo la kiini wanalotumia. Kuanzia toleo la 6.6 ipo swichi iitwayo kernel.io_uring_disabled. Ikiwekwa 0 mlango uko wazi kwa programu zote. Ikiwekwa 1 hupita wenye mamlaka, au kundi lililotajwa, peke yao. Ikiwekwa 2 hakuna anayepita. Kabla ya kufunga, fundi ahakikishe kwamba hakuna programu ya kazi inayouhitaji mlango huo, asije akaisimamisha hesabu ya mishahara. Tatu, mfumo mpya unapoletwa kazini, wawakilishi wa wafanyakazi waombe kuonyeshwa kwa maandishi njia zote zinazofika kwenye kumbukumbu, na jina la anayeilinda kila njia.

Maandishi hayo yahifadhiwe. Siku mfanyakazi atakapoitwa ofisini na kuulizwa, "Mbona hukuandika?", aweze kuuweka ule waraka mezani na kujibu kwa adabu: "Wakubwa zangu, nililinda lango nililokabidhiwa. Tafadhali nionyesheni ni lini niliambiwa kwamba kuna mlango mwingine."